Tano kwa Tano

Jioni nilitia sahihi: bunduki moja,
namba yake imefutika nusu kwa jasho la walionitangulia,
na risasi tano.
Asubuhi nimerudisha bunduki moja, risasi tano.
Andika hivyo, karani. Kabla ya mengine yote, andika hivyo.

Duka ni la Hajji Magomu, vifaa vya ujenzi,
njia ya kwenda Malaba, pale mwamba wa Tororo
unapochungulia juu ya mabati kama jirani mbeya.
Saa nane na robo usiku. Mvua imekatika,
mtaro bado unaongea peke yake.
Nikasikia waya ukilia.

Alikuwa mmoja. Miguu peku.
Amekumbatia betri ya sola, ile kubwa, ya laki tisa.
Nikasema: Simama!
Akasimama. Hilo nalo liandikwe.
Tukatazamana chini ya taa ya ukutani,
mikono yake miwili imejaa betri
kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake kwenye foleni ya zahanati.
Kisha akanipa mgongo, akakimbia.

Mgongo, karani.
Fulana ya njano ya kampeni iliyokwisha zamani,
uso wa mgombea umepasukapasuka kwa kufuliwa,
bado unacheka.
Nilimlenga mgombea katikati ya macho.
Kidole kilikuwa pale pale. Sikatai.

Kwetu Kiswahili kiliingia kwa buti.
Bibi yangu alikijua kwa maneno manne tu:
simama, lala, toa, kimbia.
Akilisikia lolote kati ya hayo, hata redioni,
alizima koroboi.
Lakini ni kwa Kiswahili hicho hicho
Afande Katusiime alitufunza, vumbi likiwa mdomoni:
Bunduki yalinda roho.
Mali ina kufuli, ina mbwa, ina daftari la polisi.
Anayekujia na panga ana kesi na wewe.
Anayekukimbia, kesi yake iko kwa hakimu.
Tukacheka. Mmoja wetu, mtoto wa wafugaji, akauliza:
Na kama ni ng'ombe, afande?
Akajibu bila kugeuka:
Ng'ombe haachi mjane.

Usinifanye mtakatifu.
Saa kumi nilijuta.
Nilipiga hesabu kwa kijiti kwenye matope:
laki tisa, mshahara wangu laki mbili na nusu,
karo ya Apio, dawa ya mama.
Matope hayakukubali kugawanyika.
Nikamkumbuka Wandera, tuliyelala naye chumba kimoja Busia.
Yeye alifyatua. Madebe mawili ya mafuta ya kupikia,
na kijana akaangukia juu yake, mafuta yakamwagika yote,
kwa hiyo hata hayo mafuta hakuyaokoa.
Kampuni ikasema mbele ya jaji:
bunduki ni yetu, kidole ni chake.
Kesho yake lango lilikuwa na askari mwingine
amevaa koti la Wandera.

Hajji amefika alfajiri, kanzu imelowa pindoni.
Bunduki nimeikodi ya nini, ya kupigia picha?
Na nyuma yake wauza nyanya, waendesha boda,
kila mmoja ana tairi lake moyoni, anauliza alielekea wapi.
Nimeonyesha kaskazini.
Hilo usiliandike.

Sasa unaniambia kuna safu hapa, Sababu ya Hasara,
na nafasi yenyewe ni upana wa kidole gumba.
Andika: alikuwa anakwenda.
Andika: hakuwa na kitu mkononi ila kile alichoiba.
Haitoshei? Basi andika: mgongo.
Kata mshahara, nitatia sahihi hapo pia.

Lakini kwanza zihesabu, mbele yangu, kwa sauti.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Hiyo ya tano, yenye ukungu,
ndiyo iliyokuwa imekaa tayari.